Dalili Hafifu, Uamuzi Mzito: Michele Dougherty na Uga wa Sumaku wa Sayari

Julai 2025 Profesa Michele Dougherty wa Imperial College, London, alitangazwa kuwa Mwanaastronomia wa Mfalme, cheo kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1675, naye akawa mwanamke wa kwanza kukishika. Habari nyingi ziliishia kwenye neno “wa kwanza”, kana kwamba miaka zaidi ya thelathini ya utafiti ilikuwa ngazi tu ya kufikia cheo. Jioni hii naomba tuitazame kazi yenyewe. Nadai kwamba kilichompambanua Dougherty si ustadi wa kupima uga wa sumaku, maana wanaoupima ni wengi, bali ni kutambua dalili ipi hafifu inastahili kugharimiwa, kisha kuitetea mbele ya watu wenye sababu nzuri za kuikataa.

Alisomea hisabati tumizi katika Chuo Kikuu cha Natal, Afrika Kusini, akafika Imperial mwaka 1991. Februari 1992 chombo cha Ulysses kilipita karibu na Mshtarii, na takwimu zake zikamwingiza katika taaluma hii. Baadaye alirithi kutoka kwa David Southwood uongozi wa jopo la magnetomita ya Cassini, chombo kilichorushwa Oktoba 1997 na kuanza kuizunguka Zohali Julai 2004. Magnetomita haipigi picha. Hukaa kwenye mlingoti wa mita 11, mbali na mitambo ya chombo ambayo nayo ina sumaku yake, ikirekodi nguvu na uelekeo wa uga. Mengine yote ni kazi ya akili: kutoka kwenye mistari inayopanda na kushuka, mtafiti lazima akisie ni kitu gani kimeupinda uga, na mbona umepinda hapa na si pale.

Februari 2005 Cassini ilipita kwa mara ya kwanza karibu na Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita kama 500, kwa umbali wa zaidi ya kilomita 1,200. Gimba dogo namna hiyo, lenye barafu na lililoganda, halikutarajiwa kuusumbua uga wa sayari. Hata hivyo uga ulijikunja kabla ya kuufikia mwezi, kana kwamba ulikutana na kizuizi kikubwa kuliko mwezi wenyewe, na ndani yake mlikuwa na mitetemo ya masafa yanayolingana na ayoni za maji. Machi, kwa umbali wa kilomita 500 hivi, hali ikajirudia. Jopo likafasiri kwamba kuna angahewa nyembamba inayojazwa upya daima, kwa kuwa mvuto wa mwezi huo hautoshi kuishikilia. Safari ya tatu ilikuwa imepangiwa umbali wa kama kilomita 1,000. Dougherty akaomba chombo kishushwe, na tarehe 14 Julai 2005 kikapita kilomita 173 tu juu ya Enceladus. Vifaa vingine vikanusa mvuke wa maji na kunasa vumbi la barafu, na vikakuta joto kwenye nyufa za ncha ya kusini. Novemba picha zikaonyesha mvuke ukifoka.

Atakayepinga atasema hiyo ni bahati, na kwamba kama pasingekuwa na kitu tusingemtaja leo. Pingamizi hili lina uzito, kwani historia ya sayansi imejaa waliofukuza mkunjo wa mstari wakaambulia kelele za mtambo wao wenyewe. Lakini bahati haielezi mpangilio wa ushahidi: vipimo viwili vya umbali tofauti vilivyokubaliana, vikiungwa mkono na mitetemo ambayo haikutegemea mkunjo. Mwingine atasema magnetomita haikuigundua bahari iliyo chini ya barafu ya Enceladus. Kweli, haikuigundua, ushahidi wa bahari ulikusanywa na wengi kwa miaka kadhaa. Magnetomita ilifanya jambo dogo zaidi na la lazima zaidi: ilitoa sababu ya kusogea karibu.

Kipimo kigumu cha hukumu, kwa maoni yangu, kiko kwenye Zohali yenyewe. Mwaka 1933 Thomas Cowling alithibitisha kihisabati kwamba uga uliolingana kikamilifu kuzunguka mhimili wake hauwezi kudumishwa na dainamo ya ndani ya sayari. Uga wa dunia yetu umeinama nyuzi kama 10 kutoka kwenye mhimili wa mzunguko wake, wa Mshtarii vivyo hivyo. Cassini ilipokuwa ikipenya kati ya Zohali na pete zake mwaka 2017, kabla ya kuteketezwa Septemba, jopo lilipima mwinamo usiofikia hata nyuzi 0.01. Nadharia inaudai mwinamo, nacho kipimo kinaukana. Ingekuwa rahisi kulilaumu tabaka fulani la ndani linalouficha na kufunga faili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalitoa kikomo cha juu cha mwinamo huo na kuliacha swali wazi. Aliyeshusha chombo kwa ajili ya mkunjo mdogo ndiye huyo huyo aliyekataa kuona mwinamo ambao haukupimika.

Yapo pia maneno ya kumtangaza kama fahari ya Afrika. Nayapokea kwa tahadhari. Alisoma wakati wa ubaguzi wa rangi, elimu ikigawanywa kisheria kwa rangi, na njia aliyopita yeye ilikuwa imezibwa kwa walio wengi. Anachotuthibitishia ni kwamba hisabati tumizi ya chuo cha kusini mwa Afrika ilitosha kumfikisha mtu Zohali. Kuhusu nani aliruhusiwa kuisoma, hathibitishi lolote.

Sasa anaongoza magnetomita ya JUICE, chombo cha Ulaya kilichorushwa Aprili 2023, kinachotarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2031 na kisha kuuzunguka mwezi wa Ganymede. Mwaka 1996 jopo la Margaret Kivelson, likitumia chombo cha Galileo, liligundua kwamba Ganymede ina uga wake yenyewe, jambo ambalo halijaonekana kwenye mwezi mwingine wowote. Je, chini ya barafu yake kuna bahari ya chumvi? Bahari ingejibu uga wa Mshtarii unaobadilika kwa kuzalisha uga mdogo wake, uliofunikwa na ule mkubwa wa mwezi. Galileo ilipita Ganymede mara sita tu, na takwimu zake zilikubali maelezo mawili: bahari, au umbo tata zaidi la uga wa ndani. Kivelson na wenzake walielemea upande wa bahari, lakini vipimo vya kupita havikuweza kuyatenganisha maelezo hayo. Ndiyo maana safari hii chombo kitakaa.