Ugonjwa wa Kusahau Si Uchawi

Leo sisi wa Elimu ya Watu Wazima tunazungumza nanyi juu ya ugonjwa wa kusahau.

Kila mtu husahau. Ukisahau ulipoweka jembe, si ajabu. Lakini mzee akipotea njia ya kisimani aliyoipita miaka yote, huo ni ugonjwa. Unaowapata wengi zaidi unaitwa Alzaima. Ni jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1906 aliuchunguza ubongo wa mama mmoja aliyekufa akiwa amepoteza kumbukumbu. Aliuona umesinyaa, una mabonge kama uchafu. Ugonjwa huo huua chembechembe za ubongo kidogo kidogo.

Je, unaletwa na nini? Jambo kubwa ni uzee. Pili, katika koo nyingine watu huzaliwa na wepesi wa kuupata. Haya mawili hatuyawezi.

Lakini yako tunayoyaweza. Presha, kisukari, tumbaku, pombe nyingi, kuumia kichwa, kutosikia vizuri na kukaa mpweke, yote huongeza hatari. Hata kukosa elimu huongeza. Mwaka 2024 wataalamu walitaja mambo 14 ya namna hii. Walisema kama yote yangeondolewa, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wa kupoteza kumbukumbu wangeepuka au wangechelewa kuugua.

Msidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Uchunguzi wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kwamba karibu wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu.

Sasa, bibi akikutwa usiku mlangoni kwa jirani, watu husema nini? Ati anawanga! Wazee wameuawa kwa maneno kama hayo. Jamani, huyo kapotea tu. Mshikeni mkono, mrudisheni kwake. Kesho mpelekeni zahanati. Pengine ni malaria au homa nyingine iliyomchanganya, nayo inatibika. Alzaima bado haina dawa ya kuiponya, lakini mgonjwa anahitaji kulindwa, kulishwa na kuongeleshwa kwa upole.

Basi tupime presha. Tuvae kofia ngumu tukipanda pikipiki. Mzee asiyesikia tumkalishe karibu, tuongee naye. Na kusoma tusiache.