Mlio Usiojulikana Njia ya Garsen



Sisi tunaopita njia ya Malindi, Garsen na Hola twajua taabu ya mlio. Gari limejaa, tajiri ataka mzigo ufike jioni, mara chini pasikika "wuuu". Wengine huongeza sauti ya redio! Hiyo si dawa.

Kwanza tujue mlio wafuata nini. Penye njia nyoofu na tupu, kanyaga klachi kidogo, injini ipoe magurudumu yakizidi kwenda. Ukipungua pamoja na injini, tafuta huko. Ukibaki vile vile, ni magurudumu au difu. Kisha pinda polepole kushoto: uzito walalia kulia. Mlio ukizidi, shuku beringi ya kulia. Ukipinda kulia, ni kinyume chake. Utingo ndiye asikilize. Macho ya dereva yawe njiani, maana ng'ombe na ngamia wa huku hawapigi honi.

Mkifika Minjila, inapogawanyika njia ya Lamu na ya Hola, simameni. Sogeza mkono karibu na katikati ya kila gurudumu. Lililo moto kuliko wenzake lina beringi mbovu, au breki imeshika. Litie jeki, ulitikise.

Mwishoni mwa 2023 maji ya Tana yalifunika barabara huko Gamba. Maji yakiingia beringi, grisi huharibika; gari lililovuka mafuriko lifunguliwe, lipakwe grisi mpya.

Saa ya kutafuta mlio ni saa ya kazi. Twataka ilipwe, wala dereva aliyekataa kuendelea na beringi iliyokufa asikatwe mshahara. Wenye magari tumewaandikia hivyo, twangoja jibu.