Mazungumzo na wazazi juu ya kujenga upya shule ya kanisa



Shule mmeiona wenyewe. Kuta zimepasuka, manjanja yaliibwa wakati wa vita, mvua ikinyesha watoto wanarudi nyumbani. Wafadhili wamekubali kutuletea manjanja, misumari na simenti. Mchanga na mawe ni mikono yetu.

Lakini tumesikia neno baya: eti mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga hataandikwa. Hapana! Shule za kanisa zilizo katika mkataba wa 1977 na serikali ni shule za umma. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya bure, na serikali ilianza kuyatekeleza hayo mwaka 2019. Mchango huu ni wa hiari, si minerval. Mama aliyekimbia na watoto watano na sufuria moja, tumdai nini?

Kwa hiyo tunaomba komite iwe na wenyeji na waliohamishwa pamoja, akina mama wakiwemo. Daftari la feza lisomwe kila mwisho wa mwezi uwanjani pa shule, si kanisani, ili hata wasiosali kwetu wasikie. Jumamosi tunaanza kubeba mawe.