Mtoto Huyu Si Laana

Somo: Yohana 9:1–7



Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, hawakumwuliza jina wala hali. Walitaka kujua tu kama dhambi ilikuwa yake au ya wazazi wake. Bwana aliyakataa yote mawili.

Swali hilo lingali laulizwa kwetu Nairobi. Katika vichochoro vya Mukuru kwa Njenga, mama akijaliwa mtoto ambaye shingo haikazi na miguu haina nguvu, maneno huanza penye foleni ya maji. Huyu asema ni laana ya ukoo, yule asema amerogwa. Pengine baba naye huondoka. Lakini madaktari watufundisha kwamba mtindio wa ubongo waweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali, au homa ya uti wa mgongo. Kifafa nacho ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizwi kwa povu la mgonjwa, na wengi hutulizwa kwa dawa.

Mwaka 2021, nyumba nyingi za mtaa huo zilipobomolewa, maelfu walikosa pa kulala. Je, tulisema wote wamelaaniwa? Hasha! Tuliwahurumia. Mbona basi mama huyu twampima kwa kipimo kingine?

Twasema tena, “Anamfungia mtoto ndani kwa aibu.” Ikiwa ni aibu, ameipata wapi kama si vinywani mwetu? Na mara nyingi si aibu. Mama anakwenda kutafuta kibarua cha kufua nguo. Mtoto wa miaka tisa habebeki tena mgongoni, na kiti cha magurudumu hakipiti penye tope na mitaro. Hana wa kumwachia. Kufuli ile mlangoni ni yetu sote.

Wala tusidhani mlemavu ni wa kupewa sadaka tu. Henry Wanyoike wa Kikuyu alipoteza macho mwaka 1995. Mwaka 2000, kule Sydney, alishinda dhahabu katika mbio za mita 5,000 za wasioona. Kiongozi wake aliishiwa nguvu kabla ya mwisho, na asiyeona ndiye aliyemvuta.

Mfalme Daudi hakumpelekea Mefiboshethi makombo mlangoni. Alimketisha mezani pake. Basi juma hili tumwulize mama jirani siku zake za kazi, na akina mama wa kanisa washike zamu ya kukaa na mtoto. Jumapili vijana wambebe hadi ibadani, akae katikati yetu. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe maneno yetu ya kichochoroni. Utufumbue macho tumwone mtoto wako kabla ya kuuona ulemavu wake, na utupe mikono ya kumsaidia mama yake. Amina.