UPENDELEO KATIKA KAZI ZA UMMA: MAFUNZO YA UNGUJA NA PEMBA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kawaida)



Halmashauri imetuomba tuseme machache juu ya upendeleo katika kazi za umma na madhara yake. Jambo hili hunong'onwa katika kila ofisi, lakini ni mara chache husemwa mbele ya mkutano. Tumeona vyema tulitazame kwa mfano wa Unguja na Pemba, kwa kuwa visiwa ni vidogo, watu wake wajuana kwa ukoo na kwa mtaa, na mambo yaliyopita huko yana tarehe zinazojulikana. Hatusemi haya kwa kuwashitaki ndugu zetu wa visiwani. Sisi wa bara tunao upendeleo wetu, nao twauona kila siku.

Wengi hudhani kwamba uadui wa kabila na kabila huko ulizaliwa mioyoni mwa watu tu. Sisi twaona kwamba sehemu kubwa ilipitia katika karatasi, yaani daftari, orodha, na barua za kazi. Na karatasi haijiandiki yenyewe.

Mwaka 1897, miaka 7 baada ya nchi kuwekwa chini ya himaya ya Waingereza, utumwa uliondolewa katika sheria. Lakini tazameni jinsi ulivyoondolewa. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende mahakamani auombe, kisha aonyeshe makao yake na njia yake ya kupata riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Fidia ililipwa, lakini aliyelipwa ni bwana, si mtumwa. Neno hilo halikusahauliwa na wana wala wajukuu.

Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1926, wajumbe wasio watumishi wa serikali walikuwa Waarabu 3, Wahindi 2, na Mzungu 1. Mwafrika hakuwamo, ingawa Waafrika na Washirazi ndio waliokuwa wengi katika nchi. Wa kwanza aliingia mwaka 1946, baada ya miaka 20. Mamudiri nao, waliotawala watu wa mashamba, kwa miaka mingi walichaguliwa karibu wote katika Waarabu. Na haki yatutaka tuseme kwamba si kila Mwarabu alikuwa tajiri. Wengine walikuwa na kiduka kidogo tu, na wengine mashamba yao ya karafuu yalielemewa na deni. Lakini orodha haikuuliza hali ya mtu, iliuliza kabila lake.

Kati ya hesabu ya watu ya mwaka 1924 na ile ya mwaka 1931, watu wengi waliliacha jina la Mswahili wakaandikwa kwa majina mengine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata chakula cha mgawo kilifuata kabila: mchele ulitengwa kwa Waarabu na Wahindi, na Mwafrika akaelekezwa kwenye nafaka nyingine. Basi tusistaajabu kwamba mtu alifikiri mara mbili kabla ya kumjibu karani aliyemwuliza, "Kabila lako nani?" Katika jibu lile mlikuwa na sahani ya watoto wake.

Siasa za vyama zilipokuja, zililikuta daftari hilo limekwisha andikwa. Uchaguzi wa Juni 1961 ulifuatwa na ghasia, wakafa watu 68. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata kura kama 54 kwa mia, lakini viti 13 tu katika 31. Serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963 ilianza kuwaondoa kazini polisi waliotoka bara. Hawa hawakuondolewa kwa uvivu wala kwa wizi, bali kwa asili yao. Wakabaki mjini bila kazi, wakiwa wamefunzwa silaha. Baadhi yao walikuwamo katika Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964.

Mapinduzi yaliwapa wakulima eka tatu tatu, na wengi walipata kitu ambacho baba zao hawakukiona. Lakini damu nyingi ilimwagika, wengi walikimbia nchi, na watumishi wengi wenye asili ya Kiarabu na Kihindi walitolewa kazini bila kupimwa kazi yao. Baadaye hata nafasi za shule za sekondari ziligawanywa kwa hesabu ya kabila. Daftari lilibadili mikono, halikufungwa.

Manung'uniko ya watu wa Pemba yanatoka katika daftari hilo hilo. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, mshindi wa urais wa Zanzibar alitangazwa kwa kura 50.2 kwa mia dhidi ya 49.8. Baada yake watumishi wenye asili ya Pemba walilalamika kwamba wameondolewa au kushushwa kwa kudhaniwa kuwa wa upande wa pili. Muafaka ukatiwa sahihi mwaka 1999. Januari 2001 watu zaidi ya 30 waliuawa katika maandamano, na Muafaka wa pili ukafuata mwaka huo huo. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na kama 66 kwa mia wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Hiyo ilikuwa kazi njema. Lakini mapatano ya wakubwa hugawa viti vya wakubwa. Nafasi ya tarishi, ya mwalimu, na ya karani hutolewa na mikono kama hii yetu.

Sasa yako maswali mawili, nasi hatupendi kuyakimbia.

La kwanza: je, aliyedhulumiwa asirudishiwe? Arudishiwe. Lakini fidia hutazama mtu alichopoteza, na upendeleo hutazama baba yake ni nani. Aliyenyang'anywa shamba ana madai yawezayo kuandikwa na kupimwa. Aliyezaliwa katika kabila la walionyang'anya hana kosa liwezalo kuandikwa.

La pili: je, mtu asimsaidie ndugu yake? Mambo haya yanatugusa wote, maana hapana hapa asiye na mpwa anayetafuta kazi. Amsaidie, lakini kwa mshahara wake, si kwa kalamu ya umma. Mshahara ni wake. Nafasi ya kazi ni ya wote waliolipa kodi. Twalia sana tunapopitwa na mtu asiyestahili, tena twafurahi mpwa wetu anapowapita wenziwe. Wazee walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kwa hiyo twaomba Chama kifikirie mambo matatu. Kwanza, wanachama tuwaombe wakuu wetu kila nafasi ya kazi itangazwe ubaoni, pamoja na sifa zinazotakiwa, kabla haijapata mtu. Pili, anayechaguliwa sababu zake ziandikwe katika faili, na anayekataliwa aelezwe zake, ili kesho ziweze kusomwa. Tatu, mwanachama mwenye ndugu yake katika orodha ya waombaji atoke chumbani wakati orodha hiyo inapotazamwa, wala asipeleke salamu za pembeni.

Mambo haya ni madogo, na hayahitaji sheria mpya. Lakini ofisi ikiyashika, mtu aliyekosa kazi atakwenda nyumbani na huzuni ya siku moja, asiwarithishe watoto wake chuki ya miaka 60.