Haki ya Njia: Nusu Saa Kabla ya Magharibi
(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri)



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, mmezoea kuwa mada za mwezi huu ni funga, zaka na Laylatul Qadr. Leo mimi nimekuja kuzungumza juu ya pikipiki na tuktuk. Najua wako watakaosema, hii ni kazi ya polisi wa trafiki, shekhe, yakuhusu nini? Nisikilizeni kwanza.

Mji wa Kale tunauita mji, lakini kwa hakika ni kijiji. Kuanzia Ngomeni mpaka Kibokoni, kutoka Kuze mpaka Bondeni, nani asiyemjua mwenzake? Ukitaja jina la kijana utaambiwa ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani. Kwa hivyo pikipiki ikimgonga mtoto hapa, si habari ya gazetini. Aliyegonga ni wetu na aliyegongwa ni wetu. Msikiti unaoswalia jeneza ndio msikiti anaoswali baba wa yule dereva, na huenda wakasimama safu moja. Baada ya hapo watu hao watakutana kila siku kwenye njia ile ile nyembamba, mpaka mmoja wao ahame au afe.

Nchi yetu ya Kenya hupoteza watu zaidi ya 4,000 kila mwaka barabarani, na kundi kubwa kabisa kati yao ni wanaokwenda kwa miguu. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilihesabu watu milioni 1.19 kwa mwaka, na likasema kuwa kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29 ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua. Miaka 5 hadi 29 ni nani? Ni mtoto wa chuoni na ni kijana wa maskani.

Sasa tazameni njia zetu. Ndia Kuu na vichochoro vinavyoiingilia havikujengewa magari. Vilijengewa mtu, punda na hamali na mkokoteni wake. Hata wazee wetu wa zama za Mwingereza waliona vile vigari vidogo vya reli vilivyosukumwa kwa mikono, na kasi yake ilikuwa ni kasi ya yule anayesukuma. Baraza imetoka nje, mlango wafunguka moja kwa moja njiani, na kona hazionyeshi kinachokuja. Hapana pa kupita mtu na pa kupita chombo, vyote ni pamoja. Mtoto akitoka nyumbani mbio, hatua yake ya pili iko katikati ya barabara.

Halafu zikaja pikipiki. Serikali ilipoondoa ushuru wa pikipiki ndogo kiasi cha mwaka 2008, vijana wengi walipata riziki ya halali, alhamdulillah, na wala mimi sikuja kuwatukana. Mama akipata uchungu wa uzazi usiku, mwenye tuktuk ndiye atakayegongewa mlango. Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Chombo kinachokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa sheria ya Kenya ndani ya mji, hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde. Mtu akishtuka, humpitia kama sekunde moja kabla mkono haujafika kwenye breki. Mita 14 zimekwisha na hata hajaanza kupunguza mwendo! Katika vichochoro vya Kibokoni, wapi utapata mita 14 za kuona mbele? Ukienda 30 hukata mita 8 na kidogo, na aliyegongwa kwa mwendo huo aghlabu hupona. Mimi nasema ndani ya Mji wa Kale hata hiyo 30 ni nyingi.

Tukifika Ramadhani, hatari yajikusanya katika kipande kimoja cha siku. Magharibi ya hapa kwetu, mwaka mzima, haitoki baina ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa moja kasorobo. Nusu saa kabla yake kisiwa chote kiko barabarani. Wa maofisini wanatoka, wa bandarini wanatoka, wa Nyali na Kisauni wanakimbilia daraja, wa Likoni wanakimbilia feri. Digo Road haipitiki. Marikiti watu wanagombania ndimu na nazi. Na huku mitaani mama keshakumbuka kuwa mkate hautoshi, anamtuma mtoto wa miaka saba mbio akanunue, na viazi karai apitie. Jua limelala, macho ya dereva hayaoni vizuri, koo limekauka, kichwa chamuuma tangu adhuhuri. Na kila mmoja ana sababu ya kidini ya kwenda mbio: ati ni sunna kuharakisha kufuturu.

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Ni kweli, Mtume (S.A.W.) amehimiza kufuturu mara tu jua linapotua. Lakini alihimiza kuharakisha kufungua funga, hakuhimiza kuharakisha kufika nyumbani. Mwenyewe alikuwa akifungua kwa tende mbichi, asipopata basi tende kavu, asipopata basi mafunda ya maji. Hiyo ndiyo sunna, na yatimia ukiwa umeketi ndani ya tuktuk yako pembeni mwa barabara pale Mwembe Tayari. Sambusa na uji wa mtama si sharti la sunna. Tende tatu mfukoni na chupa ndogo ya maji, umeshaipata thawabu kamili, tena huna haja ya kumkimbiza mtu yeyote.

Na kuna kisa ambacho natamani kila dereva akijue. Katika Hija ya kuaga, Mtume (S.A.W.) aliondoka Arafa jua lilipokwisha kutua. Yaani ni saa hii hii yetu, na umati mkubwa wa watu, wote wanakwenda upande mmoja. Ibn Abbas (R.A.) amesimulia katika Sahih Bukhari kuwa Mtume alisikia nyuma yake makelele na ngamia wakichapwa, akawaashiria watu kwa mjeledi wake watulie, akawafahamisha kuwa wema haupatikani kwa kwenda mbio. Na Jabir (R.A.) katika Sahih Muslim akaeleza jinsi alivyovuta hatamu za ngamia wake Qaswa, mpaka kichwa cha mnyama kikakaribia kugusa tandiko, huku akiwaashiria watu kwa mkono wa kulia: utulivu, utulivu. Usama bin Zayd (R.A.), aliyekuwa amepakiwa nyuma yake, akaulizwa mwendo wake ulikuwaje. Akajibu kuwa ulikuwa wa wastani, na alipopata uwazi aliongeza. Mwaona? Hakukataza kuongeza mwendo palipo na nafasi. Alikataza mbio katika msongamano. Na wale watu walikuwa kwenye Hija, si kwenye kukimbilia futari.

Jambo jengine ni usingizi. Vijana wa siku hizi Ramadhani wanageuza usiku kuwa mchana. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, waliwapima watu waliokesha wakalinganisha na waliokunywa pombe. Wakakuta kuwa aliyekaa macho masaa 17 mfululizo, utendaji wake unashuka kama wa mtu aliye na pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Hebu hesabu. Aliyeamka kula daku saa kumi za alfajiri na asilale tena, masaa 17 yamtimia saa tatu za usiku. Yaani anatoka tarawehe, anapiga pikipiki stata, na mikono yake ni ya mlevi. Yeye ambaye hajaonja tone la pombe maishani mwake! Na akitafuna muguka ili akeshe, macho yatakuwa wazi lakini mwili utadai haki yake. Basi lala kidogo baada ya adhuhuri. Kailula nayo ni sunna, na hii hatuihimizi kama tunavyohimiza kufuturu.

Sasa nije kwenye neno tunalolipenda sana: “Ni kudra ya Mungu.” Mtoto akigongwa, mtaa mzima hujaa neno hilo. Ndugu zangu, kila kitu ni kwa kudra, hilo ni katika nguzo za imani na hakuna anayebisha. Lakini Qur'ani yenyewe, katika Suratun Nisaa aya ya 92, imezungumza juu ya Muumini anayemuua Muumini kwa kukosea. Haikusema ni kudra kisha ikanyamaza. Imeweka diya kwa watu wa marehemu, ila wakisamehe, na juu yake kafara ya kumwacha huru mtumwa. Asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Leo watumwa hakuna, kwa hivyo iliyobaki ni funga. Miezi miwili mfululizo, na ukila siku moja bila ya udhuru unaanza upya. Familia ikisamehe diya, kafara haikusamehewa, kwani hiyo ni haki baina yako na Mola wako. Tunaona siku thelathini ni ndefu, tunahesabu zilizobaki. Je, kijana wa miaka ishirini aliyekimbilia futari, akamuua mtu, ataweza sitini?

Na asiseme mtu kuwa aya ile ni ya mikuki na mishale, haihusu magari. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya OIC, lilikutana Brunei mwezi wa Juni 1993, likatoa azimio nambari 71 kuhusu ajali za barabarani. Lilisema kufuata sheria za trafiki zisizopingana na sharia ni wajibu. Wajibu, si hiari! Likasema pia kuwa dereva anabeba dhamana ya madhara aliyoyasababisha kwa kosa lake, na kama aliyegongwa naye alichangia, kila mmoja abebe sehemu yake. Kwa hivyo kupita njia isiyo yako pale Makupa ukitazama tu kama polisi yupo, hilo si ujanja, hilo ni dhambi. Na chombo kisicho na bima, ambayo sheria ya Kenya imeilazimisha kwa ajili ya mtu wa tatu, ni kusema kuwa mayatima wa utakayemgonga wasipate kitu.

Kofia ya pikipiki siisemi sana, mmeshasikia. Inapunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ivae kichwani, usiitundike kwenye usukani. Na abiria ni mmoja, hivyo ndivyo sheria ilivyosema, si mama na watoto watatu.

Lakini la buibui nitalisema, kwa sababu halisemwi. Dada zetu hupanda pikipiki kwa upande, buibui limening'inia nyuma karibu na cheni na spoku. Gurudumu likishika kitambaa halimwachi mtu. Linamvuta chini papo hapo, au shungi linakaza shingoni. Wanaume wenye kanzu hatari ni hiyo hiyo. Dada, kusanya pindo zote uzikalie, na shungi liingize ndani. Wewe mwenye pikipiki, usiondoke mpaka umemuuliza abiria nguo iko wapi, na kinga ya cheni ukiivua ili pikipiki ionekane ya kisasa umeivua stara ya watu. Kama njia ni ndefu, tuktuk ni bora, ingawa nayo ina magurudumu matatu tu, na ikikatishwa kona kwa mbio hulala.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Mtume (S.A.W.) aliwaambia waliokuwa wakikaa njiani waipe njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo akataja kuzuia maudhi. Gari ulilolisimamisha kwenye kona likawaziba watu macho ni maudhi. Meza ya bhajia iliyowasukuma wapita njia mpaka katikati ya barabara ni maudhi pia, japo bhajia zenyewe ni tamu. Mahitaji ya futari yanunuliwe kabla ya Alasiri. Likisahaulika jambo, aende mkubwa. Na usimpigie mumeo simu saa kumi na mbili na robo kumuuliza yuko wapi na chakula kinapoa. Mpigie umwambie tumekuwekea, njoo polepole.

Nimalizie na Idi, maana iko karibu kuliko tunavyodhani. Usiku wa mwezi kuandama, vijana hushindana kwa pikipiki mpaka darajani Nyali, na asubuhi yake watoto waliovaa nguo mpya humiminika Makadara kutoka kila kichochoro, pesa za Idi mkononi, hawatazami kushoto wala kulia. Maskani zilizoko kwenye njia za kwendea Makadara zichague vijana wanne wanne, wasimame kwenye kona kuanzia baada ya swala ya Idi mpaka Magharibi, wapunguze vyombo na wawavushe watoto. Anayetaka kuandikwa, daftari liko kwa mwadhini. Na wenye tuktuk, kabla hamjatoka hapa, kuna kikapu cha tende mlangoni. Kila mmoja achukue tatu aziweke kwenye gari.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.