Mwaminifu kwa Nani?



Leo nataka tuzungumze juu ya neno moja tunalolitumia kila siku, maofisini, vyamani, makanisani na misikitini, hata katika ndoa zetu. Neno lenyewe ni uaminifu. Nilidhani nalijua, maana kazi yangu ni maneno. Kumbe sikulijua vizuri, na kwa kutolijua nilimdhulumu mtu.

Ilikuwa Ruaha. Sisemi Ruaha ile ya hifadhi ya wanyama kule Iringa. Nasema mji mdogo wa Ruaha, wilaya ya Kilosa, kusini ya Mikumi, katika barabara iendayo Ifakara. Ukivuka daraja la Mto Ruaha Mkuu, tayari umeingia Kidatu, wilaya ya Kilombero. Pande zote mbili za mto maisha ni miwa. Na muwa, ndugu msikilizaji, si mahindi useme utayaweka darini. Ukishachomwa na kukatwa hauna subira; utamu wake unapungua huku ukiutazama. Usipokatwa mapema, mvua ikanyesha, trekta haliingii shambani, na muwa unalala hapo mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo ile orodha ya zamu za kuvuna si karatasi tu. Ndiyo ada ya shule, ndiyo mabati ya nyumba.

Basi miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano wa chama kimoja cha wakulima wa miwa, ambacho sitakitaja jina. Mwenyekiti alisimama akawaomba wanachama wamwondoe katibu. Sababu aliitoa moja: "Katibu huyu si mwaminifu." Watu wakaguna. Kila mmoja alidhani fedha zimeliwa.

Fedha hazikuliwa. Katika maswali ikabainika kwamba katibu alitakiwa kuliingiza shamba la shemeji wa mwenyekiti mbele ya mashamba ya wengine katika zamu za kuvuna. Akakataa, akaibandika orodha ukutani ili kila mtu aisome. Ndipo akasimama bibi mmoja, akajifunga kanga yake vizuri, akasema: "Mwanangu mwenyekiti, unasema huyu si mwaminifu. Si mwaminifu kwa nani?"

Swali hilo halikujibiwa. Muda ulikuwa umekwisha, mikono ikanyoshwa haraka haraka, na katibu akaondoka.

Mimi nilifanya nini? Nilirudi mjini nikaandika habari yangu kwamba chama kimemwondoa katibu wake kwa kukosa uaminifu. Nililichukua neno la mwenyekiti kama lilivyo, nikalipeleka hewani. Miezi michache baadaye nilikutana na yule bwana kituo cha mabasi Mikumi. Alinisalimu kwa adabu, kisha akaniuliza: "Ndugu mwandishi, niliiba nini? Maana wakwe zangu walisikia redioni."

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapima maneno haya, na ningependa tuyapime pamoja.

Neno mwaminifu lina ndugu zake, na wote tuliwapata kutoka Kiarabu: amini, imani, amana, hata amani. Mtazame amana. Ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze, na si chako. Mwaminifu, basi, kwa asili ni mtu unayeweza kumwachia kitu chako ukalala usingizi. Kwa hiyo uaminifu hauwezi kujulikana mpaka ujue amana ni ya nani. Orodha ile ya zamu haikuwa mali ya mwenyekiti. Ilikuwa amana ya wakulima wote. Bibi yule hakusoma sarufi, lakini swali lake ndilo kiini cha neno.

Mtiifu ni mwingine kabisa. Huyu ni mtu wa amri, anaambiwa, anafanya. Utii ni jambo jema, na bila utii hakuna jeshi, hakuna hospitali, hakuna meli inayofika bandarini. Lakini mtiifu anaweza kutii amri nzuri na anaweza kutii amri mbaya, na katika hali zote mbili anabaki mtiifu. Mwaminifu hawezi kula amana akabaki mwaminifu.

Yuko pia mkereketwa, neno lililovuma sana katika siasa zetu. Mkereketwa ni yule jambo linayemwasha kohoni, hawezi kukaa kimya. Tunamhitaji. Ila mwasho huja na huondoka, na mtu anayekereketwa leo usimkabidhi sanduku la fedha kwa sababu ya mwasho peke yake. Na siku hizi vijana wameongeza neno lao, chawa. Kwa macho ya mbali chawa anafanana sana na mwaminifu, maana habanduki. Tofauti ni kwamba chawa yupo pale kwa ajili ya damu.

Halafu kuna thabiti. Huyu hasogei. Pale Kilosa mjini unapita Mto Mkondoa. Kiangazi ukiutazama utadhani kingo zake zitadumu milele. Lakini Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulifurika, ukavunja kingo, ukayaacha maelfu ya watu bila makazi na kuiharibu Reli ya Kati. Uthabiti wa ukingo haupimwi kiangazi, na uthabiti wa mtu haupimwi siku ya kupongezana. Lakini tuangalie hapa pia: mkaidi naye hasogei. Thabiti amesimama juu ya sababu, nawe ukimwonyesha sababu iliyo bora atakusikiliza. Mkaidi amesimama juu ya nafsi yake.

Waingereza nao wanayo maneno yao, na sisi tunaotafsiri habari usiku tunayatupa yote katika kapu moja. Wana "loyal", ambalo lilipitia Kifaransa likitokana na neno la Kilatini la mambo ya sheria. Wana "faithful", la imani. Wana "staunch", ambalo zamani lilisemwa juu ya chombo kisichovuja maji. Wana "steadfast", la mtu aliyeshikilia pale aliposimama. Sisi yote tunaandika "mwaminifu", tunakwenda kunywa chai.

Mtasema hayo ni mambo ya walimu wa lugha. Hapana. Katiba yetu, ibara ya 68, inamtaka kila mbunge aape kabla ya kushiriki shughuli za Bunge, na kiapo hicho kinaitwa kiapo cha uaminifu. Hakikuitwa kiapo cha utii. Na wale wenzetu waliokariri ahadi za mwanachama wa TANU watakumbuka kwamba ahadi ya kuwa mwanachama mwaminifu iliwekwa katika orodha moja na ahadi ya kusema kweli daima, na ile ya kwamba cheo ni dhamana. Wazee wale hawakuona kwamba kusema kweli kunapingana na uaminifu.

Mwaka 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, ambaye alikuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijiuzulu kwa kutokubaliana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Nani alikuwa na haki katika uchumi, wataalamu wanaendelea kubishana. Lakini hakubaki kitini akiitikia mchana na kupinga usiku. Je, tumwite mtu wa namna hiyo si mwaminifu?

Ndugu msikilizaji, hatari ninayoiona ni hii. Tukiliacha neno uaminifu lichukue mahali pa utii, kila anayekataa amri mbaya tutamwita mwizi, na kila anayeitikia tutamkabidhi ghala. Mwishowe watu wenye msimamo watanyamaza, na miwa ya wanyonge italala shambani.

Kwa hiyo mtu akikuambia juu ya mwenzako, "Huyu si mwaminifu," usiguse kalamu wala usinyoshe mkono. Uliza kwanza kama bibi yule wa Ruaha: kwa nani?

Nami nina deni la kulipa. Katibu yule hakuiba kitu. Alikosa utii, hakukosa uaminifu. Nilipaswa kuyasema haya siku ile ile, kwa redio hii hii. Nimechelewa, lakini kama wakwe zake wananisikiliza, leo nimeyasema.